Mmea wa Kalumba na Profesa wa Kameruni

Jumanne, 16 Machi 1993. Manika, Kolwezi

Mvua. Shaba haitoki. Mshahara hautoki. Unga wa kampuni hautoki. Kinachotoka bado katika mji huu ni akili ya Omer Kalumba peke yake!

Rafiki yangu Ntambwe na mke wake Mushiya wamelala kwetu, nyuma ya pazia. Jana vijana wa chama, wale wa Kyungu, waliandika kwa mkaa kwenye mlango wao: KWENU. Basi. Kila mwenye babu aliyetoka Kasai anaandikiwa hivyo, halafu anakwenda kulala stesheni kungojea treni. Lakini kwao wapi? Ntambwe amezaliwa hapa, amebatizwa hapa, meno mawili ameyaacha hapa, katika shimo la mgodi wa Mashamba, siku spana iliporuka. Kasai anaijua kama ninavyoijua mimi Mars. Amesikia iko.

Nilimwambia Godelieve, mke wangu, kwamba jambo hili linahitaji kufikiriwa kwa kina. Akasema watabaki hapa. Alisema huku anasonga bukari, kwa hiyo ni sheria.

Nikaenda chooni kufikiri. Na hapo, juu ya mupundu wetu, nikauona! Mmea. Uko pale kwenye panda la mti, hauna udongo, hauna aibu, majani mapana kama masikio ya tembo. Umekuwa pale miaka mingi, nani aliuangalia? Mmea bila udongo unahitaji mtaalamu. Mtaalamu ni mgeni. Na mgeni wa nchi za mbali hafukuzwi, anapewa kiti!

Kuanzia kesho Ntambwe ni Profesa wa mimea ya misitu ya milimani, kutoka Kameruni. Tangu Kombe la Dunia lile la mwaka wa tisini, mtu wa Kameruni akipita Kolwezi hata mbwa wanampisha.

Mi Kalumba! Ningesoma zaidi ya darasa la nane ningekuwa hatari.

Jumatano, 17 Machi

Mavazi. Zamani nilikuwa mkuu wa idara ya maua kwa mainjinia Wazungu. (Godelieve anasema nilikuwa nikikata majani. Ndiyo, na nani mwingine aliyakata? Basi mimi ndiye mkuu.) Walipokimbia waliniachia tai moja, miwani yenye kioo kimoja na kitabu kikubwa cha mimea ya dunia nzima. Tai ni muhimu. Hapa serikali ilitukataza tai karibu miaka ishirini. Ukimwona mtu amefunga tai vizuri, si wa hapa.

Kitabu kina taabu kidogo. Godelieve anauza karanga sokoni, na karanga zinahitaji karatasi. Zimebaki herufi A, B na nusu ya C. Nikagomba. Akaniuliza kama nataka kula D.

Haidhuru! Tukatafuta. Tukaona picha: majani mapana, yanakaa juu ya miti, misitu ya milima, Amerika. Anthurium! Ndio huu huu. Ntambwe akasema picha ina ua jekundu linalong'aa kama kiatu cha askofu, na wetu hauna ua. Nikamwambia profesa hashindani na kitabu. Kitabu kifupi kina faida yake: hakina mashaka.

Masharti nimempa matatu. Asiseme Kiswahili. Asicheke, maana kicheko cha Ntambwe kinajulikana mpaka Kasaji, ni kama kompresa inayokataa kuwaka. Na asicheze dama. Hilo la tatu lilimuuma mpaka machoni. Mushiya, nyuma ya pazia, akauliza mimi nimelewa au ni kawaida yangu. Godelieve akajibu ni kawaida.

Alhamisi, 18 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Avenyi nzima, mtaa wetu wote, ilikuja. Profesa amesimama chini ya mupundu, tai shingoni, jicho moja kubwa kwenye kioo, jingine dogo. Kyungu naye akaja. Huyu Kyungu ndiye mkubwa wa vijana hapa kwetu. Alifanya kazi zamu moja na Ntambwe miaka yote, na kila Jumapili alikuwa anapigwa dama na Ntambwe, hadharani, bila huruma. Akamtazama Profesa. Akamtazama sana. Mimi nikatoa jasho la kutosha kumwagilia shamba.

Kisha Kyungu akamuuliza Profesa kama safari ilikuwa nzuri.

"Oui," akasema Ntambwe, yaani ndiyo.

Akamuuliza alipitia wapi.

"Oui."

Watu wakapiga makofi. Mama Mianda, ambaye amemuuzia Ntambwe nyanya tangu nyanya zilipoumbwa, akauliza kama huko Kameruni kuna nyanya. Hakuna aliyecheka. Hata mmoja! Wote uso mkavu kama samaki wa chumvi. Nikasema moyoni: watu hawa ni wajinga kiasi gani? Mtu mmoja, mimi, nimedanganya avenyi nzima mchana kweupe.

Jioni nyama ya mbuzi ikaletwa, zawadi kwa Profesa. Hawakusema imetoka wapi. Tangu Krismasi hatujaona nyama.

Ijumaa, 19 Machi

Sasa wanaleta majani. Foleni mpaka barabarani! Majani ya muhogo, ya mpera, ya kitu kilichoota ndani ya kiatu. Profesa anainua, ananusa, anasema "Anthurium." Yote Anthurium. Mtu mmoja akaleta ua la plastiki la kanisani. Profesa akalipindua mara mbili, akasema "Anthurium, lakini bado changa." Kwa Kifaransa. Hapo nikamheshimu.

Lakini kila anayeondoka ananiambia: tata Kalumba, mgeni wako ana akili. Mgeni WANGU ana akili. Na mimi? Mimi nina mgeni.

Jumapili, 21 Machi

Hatari! Padre Tharcisse amekuja. Huyu anakausha mimea kati ya magazeti, ni mtu wa kweli wa majani. Na Ntambwe anaimba besi katika kwaya yake kila Jumapili ya Mungu!

Padre akasimama mbele ya Profesa. Nikamwona Mushiya, kidole chake kwenye pazia. Padre akanyoosha mkono, akasema kwa Kifaransa karibu Zaire, tunakuombea makao mema. Ntambwe akasema oui, kidogo sana, kwa sauti ya besi.

Kumbe hata mapadre wanadanganyika. Nimeshangaa.

Kisha Padre akapanda mti mwenyewe, kanzu imefungwa kiunoni. Akageuza jani, akafurahi kama mtoto. Akatuonyesha: kikonyo hakikushika pembeni mwa jani, kimeshika chini, ndani ya tumbo la jani, kama mkono nyuma ya ngao. Na vile vijiti vilivyosimama, vimejaa vitunguu vidogo, kila kimoja na kulabu zake. Akasema samahani kwa Profesa mwenzake, hii si Anthurium, hizo hazikuumbwa Afrika. Hii inaitwa Remusatia. Ndugu ya majimbi, lakini jimbi lililokataa kukaa chini. Kwao ni misitu yenye mvua ya milimani, kama ile ya Kivu. Kulabu zinashika manyoya na nguo, ndivyo inavyosafiri. Akauliza nani aliileta hapa.

Godelieve akanitazama. Lile koti langu la Bukavu, huko huko Kivu! Nililitundika kwenye mupundu ule niliporudi, kunguni watoke. Yeye akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba mume wake aliingiza mgeni bila karatasi.

Kijana mmoja wa Kyungu akasema basi ikatwe, inamaliza mti wetu. Padre akasema hapana. Haili mti. Imekaa juu yake tu, inakunywa mvua yake, na mti unazaa kama kawaida. Miaka yote hii, je, mlikosa mapundu? Watu wakaangalia viatu vyao. Kyungu akaangalia mbali, upande wa stesheni.

Nikaona nafasi ni nzuri, kwa hiyo nikauliza kama inawezekana kubadili Remusatia kuwa Kalumba. Padre akasema tayari ina jina. Nikasema hata mtu anaweza kuwa na majina mawili. Akashuka.

Nimekasirika.

Jumanne, 23 Machi

Ajabu ya Mungu. Niandike taratibu.

Mchana Kyungu akaja na vijana watatu, ujumbe rasmi. Alisema wakubwa wa juu wameanza kuuliza huyu Profesa ataondoka lini. Walimkuta Godelieve yuko jikoni, na desturi ni desturi: mtu akikukuta unapika, anakula. Lakini sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa hakuna na pesa ya sombe ilikuwa hakuna. Akaona majani mapana kwenye beseni, yale Padre aliyoyakata kutuonyesha. Ndugu ya majimbi, Padre mwenyewe si alisema? Akayakatakata, akatia mafuta ya mawese, akayachemsha haraka haraka.

Kyungu akapewa kwanza, kwa heshima. Akabeba tonge kubwa la mkubwa. Vijana wakafuata. Mimi nilikuwa bado natafuta kijiko.

Kwanza Kyungu akaacha kutafuna. Halafu akasimama. Halafu akashika koo kwa mikono miwili kama mtu anayejikamata mwenyewe. Vijana wakaanza kucheza ngoma isiyo na muziki, ulimi nje! Ntambwe akataka kucheka, nikamkanyaga.

Na hapo Mushiya akatoka. Alitoka nyuma ya pazia bila tai, bila miwani, Mushiya kamili, na ndimu mkononi. Akamkamata Kyungu kichwa, kama mama anavyomkamata mtoto wa dawa, akamkamulia ndimu mdomoni, moja, nyingine, huku akimwambia afyonze, asimeze, tulia, tulia. Mwaka jana ndiye aliyemshonea binti yake Kyungu gauni la harusi. Kyungu machozi yanatiririka, anamtazama. Alipoweza kupumua, akainamisha kichwa mbele yake. Kusema hakuweza, koo limevimba kama chura.

Wakaondoka. Vitunguu vidogo vya ule mmea vimemshika koti mgongoni, vingi, kama vifungo vya jenerali.

Nikamwambia Mushiya ameharibu mpango wangu. Akaniambia nifunge mdomo, na kwamba hilo pekee ndilo analoniomba katika maisha haya.

Alhamisi, 25 Machi

Raha! Kyungu hana sauti. Vijana hawana sauti. Hakuna anayepiga kelele za "kwenu, kwenu". Hakuna mkaa. Kwenye avenyi yetu tu, utafikiri ni mwaka wa sabini na tatu na shaba ina bei.

Watu wanasema ni Profesa. Amewatupia jani. Profesa mkali! Mama Mianda ameleta nyanya za bure, akasema ni za Profesa, halafu akaongeza kwa sauti ya chini awasalimie pia watu wa Kameruni.

Na mimi? Nani aliona mmea? Nani alitafuta tai? Koti la Bukavu lilikuwa la nani? Leo nimepita sokoni, hakuna mtu hata mmoja aliyesema: tazama, Kalumba anapita.

Inaniuma. Mimi ni binadamu.

Jumamosi, 27 Machi

Nilikwenda kwa mama Falonne kunywa munkoyo, togwa yetu ya mahindi. Munkoyo tu! Ya kukaa siku tatu, sawa, ilikuwa na nguvu.

Wote walikuwa wanazungumza Profesa, Profesa. Mmoja akasema watu wa Kameruni wana akili kutupita. Hiyo ni nchi yetu inatukanwa! Mzalendo atanyamaza? Nikasimama juu ya kreti. Nikawaambia Kameruni hakuna kitu, akili yote ni ya hapa hapa Manika, Profesa ni Ntambwe, Ntambwe wa mwanzo hadi mwisho, na aliyemtengeneza ni mimi, mi Kalumba!

Nilingojea makofi. Hayakuja. Mama Falonne akaanza kukusanya vikombe. Watu walikuwa hawaniangalii. Walikuwa wanawaangalia watu wawili pale kona, nisiowajua.

Bila shaka walishindwa kuamini kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na akili nyingi hivyo.

Jumapili, 28 Machi

Kichwa kinaniuma. Kyungu amekuja kabla ya misa. Peke yake. Sauti imerudi nusu, kama mlango wenye kutu.

"Kalumba, mi nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nani hapa hajue namna Ntambwe anatembea? Batoto banajua. Mbuzi banajua. Ule mbuzi mulikula ulikuwa wangu. Lakini neno lenye halisemwe, haliko. Bakubwa bakiniuliza, nilikuwa najibia: kuko Profesa. Sasa wewe umesema mbele ya bantu. Bale babili bamesikia. Kesho bengine batakuya, na habatakuya kusalimia."

Nikamwambia wazi: tata Kyungu, wewe una wivu. Hulijui jambo mpaka ukaambiwa, halafu unasema ulijua. Kila mtu anaweza kusema alijua!

Akanitazama kama vile alivyoyatazama yale majani ya Godelieve. Akapita pembeni yangu, akaenda kwa pazia, akabisha hodi. Pazia! Akabisha kwenye ukuta. Akawaambia treni iko kesho, na atawasindikiza yeye mwenyewe wafike salama mpaka ndani.

Godelieve hajasema na mimi tangu asubuhi. Anasema na sufuria. Mushiya anakunja nguo. Ntambwe alivua tai, akaikunja vizuri, akaniuliza kama kule Kasai kuna mapundu. Nikamwambia kwa hakika, Kasai yote. Sijui. Lakini angefanya nini na ukweli?

Hayo yote ni munkoyo ya mama Falonne. Haina usafi.

Jumatatu, 29 Machi. Stesheni, halafu mahali fulani

Kyungu alifunga cherehani ya Mushiya kwenye baiskeli yake, akaisukuma mwenyewe mpaka stesheni, na mbele yetu vijana wakapisha. Watu! Magodoro, sufuria, watoto wanakohoa chini ya mahema ya mifuko. Wengine wamekaa pale tangu kabla ya Krismasi.

Mlangoni mmoja wa wale wawili wa kona akasimamisha baiskeli. Alikuwa amesikia kwamba kuna mmea mgeni pia. Akasema Padre mwenyewe alihubiri kwao ni mbali. Kila kitu kirudi kwao! Akatuma watu, ukang'olewa kwenye mupundu, ukatiwa ndani ya kopo la maziwa, ukaletwa kwa ulinzi. Mmea umefukuzwa! Nikamweleza kwamba kwao ni Kivu na treni hii inakwenda Kasai. Akasema nje ni nje.

Hakuona kwamba koti la Kyungu, pale pale pembeni yake, bado limejaa vitunguu.

Nikapanda ndani kumshikia Ntambwe kopo. Kyungu, kwa dirisha, akampa lile bao la dama, la karatasi, na vizibo vyake. Akasema ampigie huko mtu mwingine. Ntambwe akacheka, kile kicheko cha kompresa, kwa mara ya kwanza tangu tarehe kumi na sita. Stesheni nzima ikageuka. Kyungu alifuta uso wake na mkono.

Nikasema basi, mchezo mmoja wa kuagana. Treni hizi haziondoki kwa wakati. Treni hizi haziondoki kabisa!

Na hapo ndipo ikatokea. Nikampiga vizibo vitatu kwa mkupuo. Nikapata dame, kizibo chenye taji. Nikapata dame ya pili! Maishani sijawahi kumshinda Ntambwe. Nikasikia mtingisho. Mushiya akasema tata Kalumba, treni inakwenda. Nikamwambia asubiri. Akasema inakwenda! Lakini mtu mwenye dame mbili haruki!

Godelieve alikimbia pembeni ya reli akipiga kelele jina langu na majina mengine. Mwisho alinitupia koti la Bukavu. Alinilenga kichwani, lakini nadhani ni upendo.

Mchezo nilishindwa. Aliitega dame yangu ya kwanza, halafu ya pili.

Alhamisi, 8 Aprili. Mwene-Ditu, Kasai

Tumefika. Sitaandika njia. Mtoto wa behewa la jirani tulimzika Kamina, na Ntambwe aliimba besi, na mimi nilishika koleo. Basi.

Hapa watu wameshuka na hasira yao, na wanayo haki. Stesheni walianza kuuliza nani hapa ni wa Katanga, mkoa wetu uliowafukuza, atoke tumwone. Mimi nikavuta pumzi nijitambulishe. Si nilikuwa na sifa nyingi za kutaja? Mushiya alinikanyaga mguu kwa kisigino. Akatoa tai kwenye kikapu, akanifunga shingoni karibu aninyonge, miwani puani, kopo mikononi, akawaambia kwa Kiluba chake kilichovunjika: huyu ni Profesa. Wa Kameruni. Anasindikiza mmea.

Wakanitazama. Wakanitazama sana.

Mmoja akaniuliza kama safari ilikuwa nzuri.

"Oui," nikasema.

Tunakaa kwa mama Kanku, shangazi yake Ntambwe, ambaye alikuwa hajamwona tangu azaliwe. Ntambwe akisema Kiluba, watoto wanaanguka kwa kucheka, wanamwita Mkatanga. Kwao, na wanamwita Mkatanga! Mushiya ameshaweka cherehani kwenye veranda. Mmea ameufunga mama Kanku kwenye panda la mti wake wa msafu, na umetoa jani jipya, bila kuuliza mtu. Treni ya kurudi, wanasema, labda mwezi ujao. Godelieve, ningojee.

Masharti yangu ni yale yale. Nisiseme Kiswahili. Nisicheke. La tatu hawakuniwekea, wanasema jinsi ninavyocheza dama hakuna hatari.

Na sasa wameanza kuleta majani! Foleni mpaka barabarani. Nawaambia Anthurium. Wanafurahi, wanaleta kuku, wanakwenda wakisema watu wa Kameruni wana akili. Usiku huu mama Kanku aliniwekea sahani, akainama sikioni, akaniambia kwa Kiswahili kizuri cha Kolwezi, sijui alikitoa wapi: "Profesa, kula, nyamaza."

Mwanamke huyu ana wivu, nimeona. Lakini tufikiri kwa haki. Kazi naifanya mimi, sifa zinakwenda Kameruni! Mtu wa Manika atavumilia hilo mpaka lini? Kuna mahali pa kunywea hapa nyuma ya stesheni, wana kreti nzuri za kusimamia. Kesho nitapita. Sitamwambia kila mtu. Nitawaambia wawili watatu tu, wa kona.